Kuseti mashine ya tenoni ili viungo vikae: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale yanayorudiwa karakana hadi karakana, kwa anayeiona mashine hii mara ya kwanza na kwa fundi mzoefu ambaye milango yake imeanza kuonyesha nyufa mabegani. Tenoni ni ulimi unaochongwa kwenye ncha ya mbao ili uingie kwenye tundu la mbao nyingine; mashavu ni nyuso zake mbili pana, na mabega ni ngazi zilizo shinani mwake zinazobana mbao ya pili. Maswali yamepangwa kuanzia misingi hadi kwenye hali zisizo za kawaida. Jibu lililokwisha kutolewa halirudiwi. Namba ya swali itakuelekeza.

## Misingi

1. Mashine ya tenoni inafanya nini ambacho msumeno na patasi havifanyi?

Inakata mashavu yote mawili ya ulimi na mabega yake kwa msukumo mmoja, na inarudia hivyo hivyo kwa kila mbao. Mbao unailaza juu ya meza ya kusukuma, inaegemea fensi (ukingo ulionyooka wa kuielekeza), unaibana kwa klampu, kisha unaipitisha. Ncha yake inapita kwenye msumeno unaoikata kwa urefu, halafu katikati ya vichwa viwili vya visu, kimoja juu na kimoja chini. Mashine kubwa, kama zile kuukuu za Uingereza za Wadkin ambazo bado zinafanya kazi huku na kule, huwa pia na shafti za visu vya umbo vinavyolichonga bega lilalie urembo wa fremu.

Faida yake ni kurudia. Ukiiseti vibaya, itarudia kosa kwa uaminifu uleule.

2. Ulimi uwe na unene gani?

Kanuni ya kawaida ni theluthi moja ya unene wa mbao, kisha unasogea kwenye saizi ya patasi ya mashine ya matundu uliyo nayo. Mbao ya inchi mbili ikisharandwa hubaki karibu milimita 45. Theluthi yake ni mili 15, lakini ukiwa na patasi ya mili 16, ulimi ni wa 16. Usiende kutafuta patasi ya 15.

Mlango mzito wa nje unaweza kupewa ulimi mnene kidogo zaidi ya theluthi. Ulimi ukizidi sana, kuta za tundu hubaki nyembamba na hupasuka siku ya kupiga kabari za kukaza ulimi.

3. Nianze na matundu au na ndimi?

Matundu kwanza, bila mjadala. Upana wa tundu unaamuliwa na patasi, na patasi huwezi kuigeuza. Ulimi unaweza kuuongeza au kuupunguza kwa robo ya mili. Fundi anayeanza na ndimi anajikuta anapanua matundu kwa mkono, moja baada ya jingine.

Toboa matundu yote ya kazi hiyo, pima upana halisi wa tundu (patasi iliyonolewa mara nyingi haitoi tena saizi iliyoandikwa juu yake), ndipo uende kwenye mashine ya tenoni.

4. Kwa nini mafundi wanasisitiza "uso mmoja"?

Kwa sababu hapo ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Kila mbao ina uso mmoja uliochagua kuwa wa mbele na kuutia alama ya penseli. Kwenye mashine ya matundu, uso huo uegemee fensi. Kwenye mashine ya tenoni, uso huohuo ulale chini, juu ya meza, kila mara.

Tuseme mbao zako hazikutoka sawa kwenye randa: moja ni mili 45, nyingine 44.5. Ukizilaza zote uso chini, ndimi zote zitakuwa umbali uleule kutoka mbele, na ile nusu mili itajitokeza nyuma ya mlango, mahali ambapo randa ya mkono itaimaliza. Ukichanganya, hii uso chini na ile uso juu, tofauti inajitokeza mbele, kwenye kila kona, na utalaumu mashine isiyo na kosa.

## Kabla ya kushika usukani

5. Mbao ziwe katika hali gani?

Ziwe kavu, zimenyooka, na zimerandwa pande zote nne kwa unene mmoja. Tenoni haiwezi kusahihisha mbao iliyopinda. Ukiibana kwa klampu inanyooka, inakatwa, ukiiachia inarudi kwenye upinde wake na ulimi unageuka nayo.

Kuhusu ukavu, kwa samani na milango ya ndani lenga unyevu wa asilimia 12 hivi. Pwani, ambako hewa ni nzito, mbao hutulia juu kidogo ya hapo. Paini iliyotoka shambani juzi, iwe ya Sao Hill au kwingine, ulimi wake ukikatwa sawasawa leo utakuwa umenywea ukikauka, na kiungo kitalegea. Mninga unasifiwa na maseremala kwa sababu hausogei sana ukishakauka.

6. Visu vifungwe vipi kwenye kichwa?

Zima umeme kwenye swichi kuu, si kwenye kitufe cha mashine tu, na ufunguo ukae mfukoni mwako. Safisha vitako vya visu: punje moja ya unga wa mbao chini ya kisu inatosha kukiinua.

Visu vya kichwa kimoja vilingane uzito. Vikitofautiana, kichwa kinatetema na shavu la ulimi linatoka na mawimbi. Kisha lingana kimo: chukua kijiti kilichonyooka cha mbao ngumu, kiweke kwenye kitako cha kichwa kipite juu ya kisu, zungusha kichwa kwa mkono. Kisu kitakisogeza kijiti mbele kidogo. Tia alama umbali kilivyosogea. Rudia ncha ya kulia na ya kushoto ya kisu hichohicho, kisha visu vingine. Vyote vikisogeza kijiti kwa umbali ule ule, vimelingana. Kaza boliti kidogo kidogo kwa zamu, usikaze moja hadi mwisho kwanza. Baada ya kukaza pima tena, kwa kuwa kukaza kwenyewe husogeza kisu.

7. Vile visu vidogo vya pembeni ni vya nini?

Ni visu vya kuchanja. Vinatangulia kukata nyuzi za mbao kwenye mstari wa bega kabla kisu kikubwa hakijafika, ili bega litoke safi. Vitokeze takriban nusu mili zaidi ya kisu kikubwa. Visipotokeza, bega linachanika kama limeng'atwa. Vikizidi, vinaacha mfereji shinani mwa ulimi, na hapo ndipo ulimi utakapovunjikia.

Visu hivi husahaulika wakati wa kunoa. Ukiona mashavu ni laini lakini bega lina manyoya, usiguse kitu kingine kabla ya kuvitazama.

## Kuseti yenyewe

8. Nifuate mpangilio gani?

Kichwa cha chini kwanza, cha juu baadaye, mabega ya tatu, urefu mwisho. Ukivuruga mpangilio huu, kila marekebisho yatavunja lililotangulia.

Tuchukue mfano wa mlango wenye mbao za mili 45 na tundu la mili 16 katikati. Zinabaki mili 29, yaani 14.5 kila upande.

Pandisha kichwa cha juu kiondoke njiani kabisa. Seti kichwa cha chini kikate karibu mili 14.5 juu ya meza. Pitisha kipande cha jaribio, uso chini, ukate shavu la chini peke yake. Sasa usikimbilie kipimo: chukua mbao yenye tundu, ilaze uso chini juu ya kioo au meza iliyonyooka, na kipande chako kando yake, uso chini pia. Shavu ulilokata na ukuta wa tundu vinapaswa kuwa kimo kimoja. Pitisha kucha kwenye maungio. Ukihisi ngazi, ongeza au punguza. Kucha huhisi tofauti ndogo ambayo jicho halioni.

Kichwa cha chini kikikaa, kifunge na usikiguse tena. Sasa shusha cha juu, kata, pima unene wa ulimi kwa venia (kipimo cha taya), sogeza, kata tena, hadi uingie kwenye tundu kama inavyoelezwa kwenye swali la 12. Unene wote unarekebishwa kwa kichwa cha juu. Mahali pa ulimi pameshaamuliwa na kile cha chini.

9. Si niamini tu skeli ya mashine?

Skeli inakusogeza karibu. Kipande cha jaribio ndicho kinachokupa jibu. Visu vikinolewa vinapungua, kwa hiyo namba iliyokuwa sahihi mwezi uliopita leo si sahihi.

Kuna na ulegevu wa skrubu. Ukigeuza usukani (gurudumu la kusogeza kichwa) upande mwingine, unazunguka kidogo kabla kichwa hakijaanza kusogea. Dawa yake ni kumaliza kila marekebisho kwa kupandisha. Ukitaka kushuka nusu mili, shuka mili mbili, kisha panda hadi unapotaka. Jua pia hatua ya skrubu yako: kama mzunguko mmoja ni mili 4, robo mzunguko ni mili 1, na hapo utarekebisha kwa hesabu badala ya kubahatisha.

10. Bega la mbele limebana lakini la nyuma lina ufa. Kwa nini?

Mabega mawili hayako kwenye mstari mmoja. Chukua guni (kipimo cha pembe mraba) na kisu cha kuchorea, chora mstari kutoka bega moja, uzungushe ubavuni hadi upande wa pili. Mstari usipokutana na bega la pili, umepata tofauti. Kwenye mashine nyingi kichwa cha juu husogea kwenda ndani na nje kwa ajili hiyohiyo. Kisogeze kwa kiasi cha tofauti, funga, jaribu tena.

Wakati mwingine tofauti hiyo inatakiwa. Fremu ya dirisha yenye ngazi ya kukalia kioo huhitaji bega la upande wa kioo liwe refu kwa kiasi kinacholingana na kina cha ngazi. Ngazi ikiwa mili 12, mabega yapishane mili 12.

11. Mbao za kulala zinatoka urefu tofauti. Nipime kutoka wapi?

Kutoka bega hadi bega. Ncha ya ulimi haiamui upana wa mlango. Mabega ndiyo yanayoamua. Mlango wa mili 800 wenye miguu (mbao za wima) ya mili 100 kila upande unahitaji mili 600 kati ya bega na bega. Ndimi zikipenya hadi nje, ongeza mili 102 kila upande, na zile mili mbili utazirandia mwisho. Mbao nzima inakuwa 804.

Kata ncha ya kwanza ya mbao zote. Kwa ncha ya pili, stopa (kizuizi cha urefu) ishike bega la ncha ya kwanza, isishike ncha ya ulimi. Mashine nyingi zina stopa ya kukunja kwa kazi hii, na kama yako haina, kipande cha chuma kilichofungwa kwenye fensi kinatosha. Ulimi usiopenya ukatwe mfupi kuliko kina cha tundu kwa mili moja au mbili ili gundi ipate pa kwenda.

12. Ulimi ukaze kiasi gani?

Uingie kwa nguvu ya mkono, na ukiinua mbao usidondoke. Ukihitaji nyundo ni mnene: utakwangua gundi yote ndani, au utapasua mguu wa mlango. Ukiingia wenyewe kwa uzito wake ni mwembamba. Kwa gundi nyeupe ya mbao, nafasi ya sehemu ya kumi ya mili inatosha, kwa hiyo tundu la mili 16 linataka ulimi wa 15.9. Gundi hiyo haijazi pengo, hata ukimimina chupa nzima.

## Mambo yakienda kombo

13. Ulimi ni mnene shinani na mwembamba nchani (au kinyume chake).

Tazama visu kwanza: vimekaa mshazari kichwani, ncha moja imetokeza zaidi (swali la 6). Kama visu viko sawa, shafti haiko sambamba na meza. Hiyo ni kazi ya kufungua na kuweka shimu (vipande vyembamba vya kuinulia) chini ya mota, na si ya kufanya katikati ya oda ya mteja.

14. Unene uko sawa kila mahali, lakini ulimi umekaa upande.

Hapa kuna magonjwa mawili yanayofanana. Ukiutazama ulimi kwa ubavu na kuona umeinama, haulali sambamba na urefu wa mbao, ncha ya mbali ya mbao ilikuwa inaning'inia. Mbao ndefu inahitaji stendi ya kuishika mwisho, kimo sawa na meza. Lakini kama ulimi umepanda kutoka ukingo wa mbele wa mbao kwenda wa nyuma, meza ya kusukuma haitembei sambamba na vichwa. Safisha reli zake, kagua beringi za magurudumu, kisha uangalie kama meza inacheza ukiitikisa kwa mkono.

Kabla ya yote hayo, fagia meza. Maranda yaliyonasa chini ya mbao hutoa dalili hizohizo.

15. Bega si mraba.

Fensi. Usiijaribu kwa kipande chembamba, maana kosa halitaonekana. Chukua vipande viwili vipana, mili 200 au zaidi, vyenye kingo sambamba. Kata bega kwa vyote viwili, kisha pindua kimoja na uvigonganishe bega kwa bega, kingo zake zikiegemea ubao ulionyooka. Ufa utakaouona ni kosa maradufu, hivyo hata kosa dogo linajitokeza. Rekebisha fensi kwa nusu ya ufa huo.

16. Mbao inachanika upande ambao visu vinatokea.

Weka ubao wa kukinga nyuma ya mbao, kwenye fensi, ili nyuzi za mwisho zipate kiegemeo. Ubao huo lazima uwe umekatwa na seti unayotumia sasa. Ubao wa kazi ya jana una pengo kubwa au dogo kuliko ulimi wa leo, na haukingi kitu. Mabaki ya paini yanafaa.

17. Asubuhi ndimi zilikuwa sawa, mchana zimebadilika.

Vifungio havikukazwa na mtetemo umekishusha kichwa. Au visu vimeanza kuwa butu, vinaisukuma mbao badala ya kuikata. Au msaidizi ameanza kubana klampu kwa haraka. Jaribu ulimi kwenye tundu halisi kila baada ya vipande kumi hivi, usisubiri rundo liishe.

## Hali zisizo za kawaida

18. Nifanyeje kwa mbao ngumu kama mkongo, mvule au msaji?

Sukuma polepole na unoe mapema. Msaji una silika ndani yake inayokula makali. Mvule mara nyingine huficha mawe ya chokaa ndani ya mti, na kisu kikikutana nalo kinameguka. Ukiona doa jeupe gumu kwenye ncha ya mbao, ligonge kwa patasi kuukuu kabla ya kuipitisha. Vaa barakoa pia; vumbi la mvule huwasha watu wengi pua na ngozi.

Ulimi wa mbao ngumu usiukaze kama wa paini. Paini inabonyea kidogo ukiisukuma. Mkongo haubonyei, unapasua.

19. Baada ya umeme kuunganishwa upya, mashine inaunguza mbao na haikati. Imeharibika?

Huenda haijaharibika. Mota za fezi tatu hugeuza mzunguko fezi mbili zikibadilishana nafasi, na hilo hutokea kirahisi baada ya matengenezo ya laini au mashine kuhamishwa. Visu vinagonga mbao kwa mgongo. Zima mara moja: kuna hatari pia ya nati ya msumeno kufunguka ikizunguka kinyume. Fundi umeme atabadilisha waya mbili kati ya tatu. Baada ya kazi yoyote ya umeme, washa kila mota kwa sekunde moja bila mbao na utazame inazungukia wapi.

20. Nahitaji bega la mshazari, kwa mfano kwa viti.

Fensi ikiwa na kipimo cha nyuzi, igeuze. Isipogeuka, tengeneza kabari ndefu ya mbao yenye pembe unayotaka, uifunge kwenye fensi. Kumbuka kiti kina kushoto na kulia: utahitaji kabari mbili, au ile moja iliyogeuzwa. Kwa kazi hii usitegemee jaribio la swali la 15, pima kwa guni la kukunja.

21. Sina mashine ya tenoni, nina msumeno wa meza tu.

Inawezekana, kwa uangalifu. Kata mabega kwanza, mbao ikiwa imelala. Kisha tengeneza jigi ndefu inayotembea kando ya fensi na kuishika mbao wima kwa klampu. Usiishike kwa mkono. Kata shavu moja, kisha weka kipande cha kujaza kati ya fensi na jigi na ukate la pili, bila kuigeuza mbao. Unene wa kipande hicho ni unene wa ulimi kujumlisha njia ya msumeno: ulimi wa mili 16 na msumeno wa mili 3 vinataka kipande cha 19. Kwa kuwa uso mmoja ndio ulioegemea jigi mara zote mbili, kanuni ya swali la 4 imelindwa. Marekebisho madogo yafanye kwa kubandika karatasi kwenye kipande hicho.

22. Nimekata rundo zima na ndimi ni nyembamba. Nitupe?

Hapana. Bandika kibati (kipande chembamba) cha mbao ileile kwenye shavu la juu, yaani lile lisilo upande wa uso, nyuzi zikielekea njia moja na za ulimi. Gundi ikikauka vizuri, pandisha kichwa cha juu hadi unene sahihi na upitishe tena, uso chini, kichwa cha chini kikiwa palepale kilipokuwa. Ukibandika shavu la chini, kichwa cha chini kitakikwangua kibati chote. Unga wa mbao uliochanganywa na gundi hauna nguvu. Kiungo kitafunguka mara mlango utakapobamizwa na upepo.